Ubishi wa Kodi ya Soda Dukani kwa Bilhah

Tangu mumewe afariki, Bilhah aliishi peke yake nyuma ya duka lake dogo Kipkelion, mbali na jamaa zake wa Kisii. Siku nyingine alifunga duka bila kuzungumza na mtu zaidi ya salamu.

Alasiri moja ya Juni, redio ilitangaza bajeti: kodi ya soda imeongezwa. Wateja wakabaki kwenye benchi wakibishana.

"Bila kodi, serikali itatoa wapi pesa ya dawa?" akauliza Kipruto, mkulima wa chai.

"Itoze matajiri," akajibu Oyaro, fundi wa baiskeli. "Maskini ana raha gani nyingine?"

Bilhah alimuunga mkono Oyaro. Kipruto alipoanza kushindwa, Bilhah akahamia upande wake. Hakujali sana kodi. Alitaka tu wasiondoke.

Oyaro akacheka. "Mama, kwani wewe uko upande gani?"

Bilhah akaona haya, akaanza kupangusa meza. Saa ya kukamua ng'ombe ilipofika, wakaenda zao.

Bei ya soda ikapanda kweli, na wengi wakaona chai ya nyumbani inawatosha; benchi la Bilhah likabaki tupu. Siku moja Bilhah alimwona Kipruto akipita, akamwita.

"Baba, sikumaliza kukueleza kuhusu ile kodi."

Kipruto akatazama mawingu. "Kesho, Mama. Mvua inakuja."

"Haya, nenda salama," akasema, akabaki mlangoni mpaka mvua ikamfikia.