Fataki za Nyati

Sisi tuliokulia nyanda hizi za juu, kati ya Njombe na Makambako, tulizaliwa katika nyumba zenye vitu vya aina mbili: vya kutumia na vya kuweka. Vya kutumia vilikuwa vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, blanketi lililotoboka katikati, na sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi. Vya kuweka vilikaa kabatini. Kabati letu lilikuwa la mbao za msonobari, lenye kioo upande mmoja. Upande wa pili kioo kilivunjika, mama akaziba kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Ndani mlikuwa na vikombe sita vyeupe vyenye maua ya bluu. Katika utoto wangu wote nilimwona mgeni mmoja tu aliyestahili vikombe vile, naye alikuwa mchungaji, na alisema hanywi chai.

Naeleza haya taratibu kwa sababu vijana wa leo nikiwaambia kwamba baba yangu alikuwa hata na fataki za kuweka, wananitazama kama mtu mwenye homa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye gobore moja lenye kibali. Kijiji kilimkabidhi kazi ya kulinda mashamba ya bondeni dhidi ya nyani, na kwa kazi hiyo alikaa benchi la mbele katika kila mkutano. Kwa wasiolijua gobore: hujazwa baruti na gololi kupitia mdomoni, na nyuma yake kuna kijibomba kidogo kinachovalishwa fataki. Fataki ni kikofia cha shaba kisichozidi punje ya choroko. Nyundo ya bunduki ikikipiga, kinatoa cheche, cheche inaingia ndani, baruti inawaka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Fataki za baba zilikuwa za aina mbili. Za kawaida zilikaa katika kopo la dawa ya viatu, na ndizo alizotumia. Za pili zilikuwa kali. Alipewa na bwana nyama mmoja, afisa wa wanyamapori, aliyestaafu na kurudi kwao, akamwambia, "Hizi zina moto mara mbili. Siku ukikutana na nyati, usihangaike na zile nyingine." Kwa umbo zilifanana kabisa na za kawaida, ila kwa ndani zilipakwa rangi ya kijani. Baba alizitia katika kopo la peremende, akalifunga kwa uzi wa kushonea, akaliweka kabatini nyuma ya vikombe vya maua ya bluu. Tangu hapo zikaitwa fataki za nyati. Nyati hakuwa ameonekana kijijini kwetu tangu babu akiwa kijana, na babu mwenyewe hakuwa na uhakika.

"Baba, nyati atatokea wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Nyati haandiki barua kwamba anakuja, Eliza," akasema, na mjadala ukaisha.

Ukaja mwezi wa tano wa mwaka niliokuwa darasa la tano. Baridi ya mwezi wa tano mnaikumbuka. Tulikwenda shule pekupeku, kila mmoja na kuni za jiko la mwalimu mkononi, na njiani tuliwaamsha ng'ombe wa watu ili tusimame pale walipolala, miguu ipate joto. Mfukoni ulikuwa na kiazi cha kuchoma. Kwanza ulikitumia kama jiko, kikishapoa, ulikila. Leo hapa Makambako namwona mtoto ana jaketi, soksi na kofia, anashushwa kwenye gari mlangoni pa shule, na bado analalamika upepo.

Nyani nao walikuja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi. Kiongozi wao alikuwa dume kubwa lenye mgongo wa kijivu. Tulimwita Mkaguzi, kwa sababu alitembea mstari kwa mstari, akachuma hindi, akalimenya, akalitazama, na mengi hayakumridhisha. Baba alinyemelea, akalenga, akafyatua. Bunduki ikasema: ta!

Ta ni mlio wa fataki peke yake. Yenyewe imelipuka, baruti imekataa. Na baba alikuwa amefundishwa kwamba gobore likikataa usiliamini papo hapo. Unaelekeza mdomo wake mahali pasipo na watu, unahesabu hadi sitini, maana baruti huweza kuwaka kwa kuchelewa. Baba alihesabu kwa sauti, bila kuruka hata namba moja, kama anavyosoma matangazo ya ibada. Siku ya kwanza Mkaguzi alikimbia hatua chache. Siku ya pili aligeuza kichwa tu. Siku ya tatu alikaa chini akamsikiliza baba anavyohesabu, na ilipofika arobaini alikuwa amemaliza hindi.

Ushauri ukamiminika. Bibi yangu, mama yake baba, alisema gobore lilazwe jikoni karibu na moto; baba akamjibu kwa heshima zote kwamba bunduki siyo kuni. Baba mwenyewe akajaribu kuzipasha fataki joto kwapani akiwa njiani kwenda bondeni. Zilifika zimelowa jasho, zikashindwa hata kusema ta.

Mahindi yalikuwa yakiisha, lakini kwangu kulikuwa na jambo zito kuliko mahindi. Mwalimu akiita majina na kufika kwangu, kabla sijasema "Nipo," kuna mtu nyuma ya darasa alisema, "Ta!" Tukicheza rede, nikirusha mpira nikamkosa mtu, uwanja mzima uliitikia, "Ta!" Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa amegeuzwa mlio.

Sikuwa mtoto wa kulia ovyo. Nilichukua daftari la hesabu, nikachora mistari: siku, hali ya hewa, matokeo. Baada ya wiki mbili picha ilikuwa wazi. Asubuhi zenye ukungu, majaribio tisa, ta tisa. Mchana wa jua, baba alipojaribu kwenye kichuguu, majaribio manne, paa nne, mlio wa baruti iliyowaka. Ila mchana nyani hawakuwepo. Nikampelekea daftari. Akavaa miwani, akalisoma lote.

"Ni baridi," nikamwambia. "Fataki hizi moto wake ni mdogo kwa baridi hii. Baba, tumia zile za kopo la peremende."

"Zile ni za nyati."

"Lakini wanaokula mahindi ni nyani."

"Ndiyo maana," akasema, akanirudishia daftari langu.

Alhamisi mwenyekiti wa kijiji akaja nyumbani, ameongozana na Baba Zakaria, jirani yetu mwenye mbwa watatu na maneno ya watu wanne.

"Kamwene, Baba Eliza."

"Kamwene, mwenyekiti. Karibuni viazi."

"Viazi tutakula. Bwana, watu wanalia. Jumamosi asubuhi tunakuja bondeni kuona wenyewe. Ikisema ta tena, ulinzi anachukua Baba Zakaria na mbwa wake. Utanisamehe."

"Mbwa wangu hawana haja ya kuhesabu sitini," akasema Baba Zakaria, akichagua kiazi kikubwa.

Jioni hiyo baba alikula viazi vitatu akasogeza sahani, na baba kusogeza sahani yenye kiazi lilikuwa jambo la kumfanya mama amguse paji la uso.

Ijumaa baada ya shule, mama akiwa kisimani, nilifungua kabati. Nilisogeza vikombe kimoja kimoja, nikafungua uzi, nikahamishia fataki zote za kijani kwenye kopo la dawa ya viatu, na za kawaida zote kwenye kopo la peremende. Nikafunga uzi kwa fundo lilelile. Ujanja huo siusifu. Vifaa vya silaha si vya kuguswa na mtoto, na mwanangu angenifanyia hivyo ningemchapa kabla sijamwuliza sababu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na majaribio kumi na matatu upande wangu.

Jumamosi kulikuwa na ukungu ambao ukinyoosha mkono unakosa vidole. Nusu ya kijiji ilisimama kwenye ukingo wa shamba imejifunika mablanketi, mwenyekiti mbele, Baba Zakaria pembeni yake ameshika kamba tatu. Ukungu ulipopasuka kidogo tukamwona Mkaguzi amekaa mstari wa nne na hindi mkononi. Alimwona baba. Akajiweka vizuri, kama mtu anayesubiri somo lianze.

Baba akafungua kopo la dawa ya viatu, akatoa fataki moja. Akaiangalia kwa muda ulionitoa jasho. Kisha akaivalisha mahali pake, akainua gobore kwa ulegevu, kama alivyokuwa amezoea, maana mtu aliyesikia ta wiki mbili hakumbuki tena kukaza bega. Nyuma yake watoto wa darasa langu walikuwa wamejiandaa. Alipofyatua, wakaitikia kwa pamoja: "Ta!"

Hakuna aliyewasikia. Paa ile ilipiga bonde, ikapiga kilima cha miwati, ikarudi. Moshi ulipopungua, baba alikuwa amekaa kitako katikati ya tuta la viazi, kofia haipo, gobore limelala mapajani kama mtoto mchanga. Gololi zilikuwa zimepita juu ya kila kitu na kuangusha tawi la muwati. Wa kwanza kukimbia walikuwa mbwa wa Baba Zakaria, na kwa kuwa kamba alikuwa amezizungushia mkononi, alikwenda nao hadi kwenye kijito. Mkaguzi alifuata. Alitupa hindi, akaita watu wake, wakapanda kilima bila kuangalia nyuma. Msimu ule hawakurudi bondeni.

Mwenyekiti alimwinua baba kwa mikono yake miwili. Baba akajipangusa udongo, akatafuta kofia, akaivaa, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mmeona. Fataki za kawaida. Ni suala la uvumilivu tu."

Jumatatu mwalimu alipoita jina langu, nyuma ya darasa palikuwa kimya. Niliitika "Nipo" kwa sauti iliyomfanya mwalimu aniulize kama naumwa.

Mngefikiri nilifurahi. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne, mama akipangusa kabati, nililiona kopo la peremende na uzi wake, nikaelewa nilichofanya. Ndani ya kopo la nyati sasa mlikuwa na fataki za ta. Nyati akija, baba atafungua uzi, atavalisha, atafyatua, na kitakachofuata kilikuwa wazi kwangu kabisa. Kurudisha sikuweza, kwa sababu baada ya ushindi ule mama alianza kulifunga kabati kwa ufunguo. Basi kila jioni, baada ya sala ya familia, niliongeza sala yangu fupi kwamba nyati wasipite Njombe. Mtu akisimulia kwamba ndugu yake wa Kitulo kaona nyayo kubwa, nilikosa hamu ya chakula. Katika mafundisho ya kipaimara, tulipofika amri ya kuwaheshimu baba na mama, nilikohoa mpaka nikatolewa nje kunywa maji. Nyati hakuja. Naamini nilichangia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama mwenye duka la vifaa vya shule hapa Makambako, nilinunua sokoni kitabu cha mtumba cha wawindaji, cha Kiingereza, kisicho na jalada. Nilikisoma kwa kamusi miezi minne. Kumbe ng'ambo kuna watu wanaojijazia risasi wenyewe, na wanabishana kurasa kwa kurasa kuhusu fataki ya kuchagua: ya kawaida au ile kali wanayoiita magnum. Mwandishi alishauri kwamba kwenye baridi kali, na kwa baruti nyingi au iliyo ngumu kuwaka, uchague magnum. Kwingine ya kawaida inatosha. Akaonya kwamba asiwepo mtu wa kubadilisha moja kwa nyingine kimyakimya. Sentensi hiyo niliisoma mara mbili. Mengine yote yalikuwemo katika daftari langu la darasa la tano.

Leo hakuna anayeweka kitu. Mwanangu akinunua viatu anatoka navyo dukani miguuni, na vile vya zamani ndani ya boksi. Wajukuu wanakunywa juisi katika glasi yoyote inayokuwa karibu, wakiivunja wanasema "pole" kana kwamba nimeivunja mimi. Jiko linawashwa kwa kubonyeza. Likikataa mara moja wanapiga simu kwa fundi. Wana raha kuliko sisi, sitadanganya. Ila hakuna kitu nyumbani kwao ambacho mtoto anakipita kwa kunyata.

Baba sasa anaishi kwangu, na lile kabati la msonobari alikuja nalo. Macho yalipopungua, alilipeleka gobore polisi mwenyewe, pamoja na kibali na makopo yote mawili, akarudi na karatasi ya mapokezi, ambayo nayo ameiweka. Krismasi iliyopita, tukiwa wawili sebuleni, nikaona nimeshazeeka vya kutosha kuungama. Nikamweleza yote: Ijumaa, kisima, uzi, fundo.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama zamani alivyosoma daftari.

"Eliza, mwanangu," akasema, "unadhani mtu anaweza kushika fataki ya kijani asione kijani?"

Miaka yote ile alikuwa amelitunza kopo la peremende, akalifunga uzi mpya kila ule wa zamani ulipooza, akaliacha nyuma ya vikombe.

"Sasa baba, nyati angekuja je? Ulijua ndani mna fataki za ta!"

Akaangalia dirishani, ambako upepo wa Makambako ulikuwa ukisukuma vumbi barabarani.

"Ningehesabu hadi sitini," akasema.

Nikaenda kabatini, nikatoa vikombe vya maua ya bluu, viwili kati ya vinne vilivyobaki, nikamimina chai yake na yangu. Mgeni hakuwepo.