Kigoda cha Wajabali

Pale Kiseke watu walimjua Odeta kwa mambo mawili. La kwanza, ndiye aliyekuwa akitoa fotokopi kwenye kibanda cha karibu na soko, na ukimpelekea cheti kilichokunjamana atakugombeza kwanza, utadhani ulikikunja kumkomoa yeye, ndipo akupigie kopi. La pili, alikuwa anatengeneza watu. Si watu wa udongo wala wanasesere, hapana. Anatengeneza makabila mazima, na vyakula vyao, na miiko yao, na namna wanavyoamkiana. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi.

Watu hao walikuwa wa mchezo. Ulichezwa Jumapili baada ya ibada, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la kina Zeeshan kule Mirongo. Wanakaa mezani watu wanne. Mmoja anasimulia: mmefika mtoni, daraja limekatika, mnafanyaje? Wale wengine kila mmoja amejivika mtu wake wa kubuni, anaamua atavuka au atarudi, anarusha dadu, na dadu ndiyo inayosema kama amefika ng'ambo au amesombwa. Basi. Hakuna luninga wala kompyuta, ni midomo tu na chai ya maziwa ya Bi Nurbanu, mama yake Zeeshan, ambaye alikuwa akipanda ngazi na sahani ya bhajia huku akiuliza, "Haya, leo mmemuua nani?"

Msimulizi alikuwa Nestory, mdogo wake Odeta, fundi wa kufunga umeme wa jua, kijana mwenye maneno mengi kuliko redio. Nchi ya mchezo walikuwa wameibuni pamoja, yeye na dada yake, ila watu wake walikuwa kazi ya Odeta, na hakutaka mtu aiguse. Kulikuwa na Wanamatete, wembamba, wakaao kwenye matete kando ya maji, ambao wakikutana hupeana mgongo kwanza, kuonyesha kwamba hawaogopi kuchomwa kisu. Kulikuwa na Wavumbi, wanaozaliwa mvua zikianza na kuzeeka zikikatika, kama wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi na asubuhi unawafagia mlangoni. Wavumbi hawakuwa na mahari. Ng'ombe wa kulipa wangekua saa ngapi?

Na kulikuwa na Wajabali. Hao aliwapenda kuliko wote. Wakubwa, wazito, wa rangi ya yale mawe yanayosimama ziwani pale mjini, na wapole mno.

Wabunifu wengine huanza na masikio marefu na mikia. Odeta alikuwa akiwasonya. "Masikio ni nguo tu," alisema. "Niambie wanaona aibu kwa kitu gani." Akishajua hilo ndipo anauliza nani anakula kwanza, mgeni anaketi wapi, mtoto anapewa jina na nani. Na mwisho kabisa anauliza, wanazikana vipi?

"Dada, watu wako hata hawajashiba umeshawachimbia kaburi," Nestory alimtania.

"Mtu usiyejua anavyozika humjui."

Hapo kwenye kuzika ndipo walipogombana. Odeta aliwapa Wajabali mila hii: Mjabali akipotea, hazikwi. Kigoda chake kinabaki mahali pake, na kila mlo anapakuliwa sehemu yake, mpaka arudi mwenyewe au mwili wake uonekane.

"Na asipoonekana?" Nestory aliuliza.

"Kinabaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka basi."

"Dada, hiyo siyo mila, hicho ni kifungo. Watu lazima wawe na siku ya kuinuka. Wape siku."

"Siwapi. Ni huruma ile, wewe huioni tu."

Nestory akacheka. Alikuwa na safari ya kwenda kisiwani kufunga umeme kwenye zahanati. "Sawa, nikirudi tutabishana vizuri," alisema, akabeba begi lake la vifaa, akaenda zake.

Hakurudi. Upepo uliwakuta katikati ya maji, injini ya mtumbwi ikazima, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa. Begi lake liliokotwa limenasa kwenye magugu. Yeye mwenyewe wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, wakaja kumwambia mama yake kwa macho ya chini. Jamani, kufiwa ni kubaya, lakini kufiwa bila maiti! Hata kulia hujui ulie ukiangalia wapi.

Mama yao, Sabina, aliteremka kitandani siku ile ile, akatandika mkeka sebuleni. Ndivyo wafanyavyo: mama aliyefiwa hulala chini mpaka mazishi yaishe na matanga yaanuliwe. Sabina ana miguu ya kuvimba. Kushuka chini alishuka mwenyewe, kuinuka ilikuwa kazi ya kushika ukuta. Na sasa mazishi yalikuwa hayaji, maana cha kuzika hakikuwepo.

Lakini ukoo wao haukukosa la kufanya. Ni watu wa ziwani, na ziwa limewachukulia wengi. Aliyepotea majini asipoonekana, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake, likazikwa kwa jina lake. Ila halivikwi na yeyote tu. Huvikwa na yule aliyemtangulia tumboni. Huyo ndiye anayekwenda ufukweni kumwita aliyepotea, kwa sauti, na asipoitikiwa ndipo kaburi linachimbwa. Aliyemtangulia Nestory alikuwa mmoja tu, Odeta.

Baba yao mdogo, Alexander, alitoka Igombe akaja kumwambia hayo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgomba nimeshauchagua, ule wa karibu na maji. Tunakungoja wewe."

"Mtangoja sana," Odeta alisema. "Mimi siendi kumzika mdogo wangu akiwa hai."

"Hai wapi, Odeta?"

"Mmemwona? Asiyeonekana hajafa. Kwa watu wangu hivyo ndivyo ilivyo."

Mzee wa watu akamtazama. "Watu wako wepi hao?"

Odeta angejibu nini? Wajabali? Alexander akachukua kofia yake, akamwambia shemeji yake pole pale mkekani, akaondoka. Akaja tena, akajibiwa vile vile. Katekista naye akaja, Odeta akamwambia ana kazi nyingi kibandani.

Na kila jioni akipakua chakula alipakua na sahani ya Nestory. Samaki mkia, maana Nestory alipenda mkia, na ugali wa udaga, ule wa unga wa muhogo. Anaifunika kwa kawa, anaiweka kwenye kigoda kando ya mlango. Mama yake alimtazama kutoka chini bila kusema. Mara moja tu alijaribu. "Odeta, mwanangu, mgongo unaniuma." Odeta akaenda kumletea mto mwingine. Mto! Ningekuwepo ningemtikisa mabega.

Miezi ikapita namna hiyo.

Siku moja Zeeshan alipita kibandani. Hakuleta cha kupigia kopi. "Njoo Jumapili," alimwambia. "Hatuchezi bila wewe. Mama kila wiki anapika bhajia, halafu anazila mwenyewe."

Odeta akaenda. Meza ilikuwa ile ile. Zeeshan alisimulia yeye sasa, kwa kusitasita, akiogopa kukaa upande ule aliokuwa akikaa Nestory. Kija, rafiki yao anayefanya kazi kiwanda cha samaki, ndiye aliyekuwa na mtu wa Kijabali, mama mmoja mzito mwenye mwana aliyepotea. Alikuwa naye tangu zamani, tangu kabla ya msiba, na Nestory ndiye aliyempa jina.

"Mmefika kijijini kwa Wajabali," Zeeshan alianza. "Jua limezama. Mama huyu ameinjika chungu. Kigoda cha mwanawe kiko pale pale mlangoni. Kija, unafanyaje?"

Kija alikamata dadu, asiirushe.

"Sipakui," alisema.

"Lazima upakue," Odeta akadakia. "Ni mila."

"Nimechoka." Kija aliongea kwa sauti nzito ya yule mama, polepole. "Nimepakulia kigoda tangu meno yangu yako mapya. Jioni watu wazima wanaweka sahani, wanajisikia wamependa. Asubuhi wanaondoka. Nani anamwaga ugali uliolala? Nani anaondoa sisimizi? Ni mimi. Kila asubuhi mwanangu anapotea upya, mikononi mwangu. Nani aliyetuwekea mila hii? Hakuwa na mama?"



"Nani kakutuma useme hivyo?" Odeta aliuliza.

Kija akaiweka dadu mezani. Sasa aliongea kwa sauti yake mwenyewe. "Sijatumwa. Nimepitia kwenu asubuhi, wewe ukiwa kanisani. Nimemkuta mama anajiburuta kwa makalio, sahani ameishika mkononi, anaipeleka nje kwa kuku. Nikamwambia mama, niachie. Akasema hapana, hii ya Nestory huwa namwaga mwenyewe."

Odeta alishika ukingo wa meza. Alikuwa amewatengenezea Wajabali kila kitu: salamu, vyakula, aibu zao, nyimbo za kubembelezea watoto. Alikuwa ameamua kigoda kikae wapi na sahani iwekwe saa ngapi. Hakuwahi kujiuliza nani ataiondoa. Yeye kila siku alitoka alfajiri kwenda kibandani, jioni anakuta sahani imeoshwa, na kwa akili yake yote ile hakuuliza. Alilia pale mezani kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na Bi Nurbanu aliyekuwa akipanda na chai akaiweka kwenye ngazi, akaja akamkumbatia kichwa, asiulize leo wamemuua nani.

Jumamosi iliyofuata walikwenda Igombe. Mama alipandishwa kwenye gari la Zeeshan, miguu ameinyoosha kiti cha nyuma. Alexander aliukata mgomba. Odeta alikuwa amechukua shati la kazini la Nestory, lile la buluu lenye doa la gundi mfukoni. Ukishika shina la mgomba lililokatwa sasa hivi utashangaa, ni zito, na lina ubaridi, na linatoa maji. Alilivika shati penye mikono ile isiyokuwepo, akafunga vifungo kimoja kimoja. Kola akaiweka sawa, maana Nestory hakuwahi kujua kuiweka sawa.

Kisha akashuka mpaka majini. Watu walikaa nyuma. Ziwa lilikuwa limetulia.

"Nestory!" aliita.

Wakangoja.

"Nestory! Dada yako nakuita! Njoo tubishane!"

Mahali fulani mbwa alibweka. Odeta alingoja kupita inavyotakiwa, na hakuna aliyemharakisha. Mwisho akageuka, akamtikisia baba yake mdogo kichwa kwamba hajaitikiwa, na majembe yakaanza.

Walizika. Katekista aliomba, akataja jina, wakatupa udongo. Jioni Alexander alianua matanga palepale nyumbani kwake, kwa kuwa wamengoja kiasi cha kutosha, akasema kuanzia leo kila mtu alale kitandani kwake na maisha yaendelee.

Waliporudi Kiseke, Odeta na Kija walimshika Sabina huku na huku wakamwinua. Wakampandisha kitandani. Alipougusa mto alitoa pumzi ndefu sana, akafumba macho. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki." Kija akaaga.

Odeta alikichukua kigoda cha mlangoni, akakiingiza jikoni pamoja na vigoda vingine. Akapakua chakula sahani mbili. Akampelekea mama yake ya kwake, akamlisha mpaka akamaliza. Kisha akarudi sebuleni, akaukung'uta mkeka, akautandika pale pale ulipokuwa, akavua kitambaa kichwani, akalala chini.

Sabina alimwona kupitia mlango. "Odeta, unafanya nini? Tumeshaanua, mwanangu. Amka hapo chini."

"Nyinyi mmeanua, mama," Odeta alisema. "Mimi nimefiwa leo."