Mashine Haikusoma Maelezo Yangu, Nani Aliyasoma?

Admin, nifichie jina kabisa, maana wana wa huyu mtu nitakayemsimulia wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na nne, naishi Mute, kijiji cha huku kaskazini, na nimebakiwa na binti mmoja ambaye hajaolewa.

Miaka ile ya ujamaa nilichaguliwa pamoja na kijana wa Quiterajo, nitamwita Amade, tujifunze kuandika programu za kompyuta. Msicheke. Kompyuta yenyewe ilikuwa Maputo, mji mkuu, mbali kule kusini. Sisi tuliandika kwa mkono kwenye karatasi, zinakwenda kwa ndege. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya kugawa nguo na sukari vijijini. Mwalimu alisisitiza kila sehemu tuiwekee maelezo: mashine itayaruka, lakini binadamu atakayeshika karatasi ataelewa tulichokusudia. Kireno changu kilikuwa cha kubahatisha, nikayaandika kwa Kiswahili. "Hapa tunaruka kijiji ambacho watu wake wamehama." Nilijiona fundi kwelikweli.

Diretor wetu, yaani mkurugenzi, mtu wa kusini, akaniita.

"Kama mashine haiyasomi haya, umemwandikia nani?"

"Atakayekuja baada yangu, kamarada."

"Nani anakuja?"

Jamani, ilikuwa wakati wa vita! Kila mtu ameambiwa akae macho, na mimi najibu hivyo. Akafungia karatasi zangu kabatini.

Kesho yake akaniita tena, akanisomea maelezo yangu yote kwa Kireno, sentensi kwa sentensi, bila kukosea. Ofisi nzima tuliojua Kiswahili tulikuwa wawili tu, mimi na Amade. Nikatolewa kazini, nikapelekwa shamba la serikali kupalilia mahindi, na programu sikuandika tena. Amade akakalia kiti changu mpaka alipostaafu. Sikumuuliza kitu. Nilimnunia tu, miaka yote hii.

Sasa kijana wake ameleta posa. Nikasema potelea mbali, nikamwita Amade nyumbani, tukakaa wawili barazani.

"Ni wewe uliyemtafsiria diretor?"

Hakukataa. "Ni mimi, dada. Alishaamua yale ni maneno ya adui, upelekwe kambi ya wafungwa kule Niassa. Nikamwambia hamna kitu humu, nikamsomea yote. Ndiyo maana uliishia shambani, ukarudi kwenu salama."

Nililia sana mbele yake. Lakini alipoondoka tu, moyo ukaanza tena. Kama aliniokoa, mbona hakuja shambani hata mara moja kuniambia? Mbona kiti alikikubali bila hata kuona haya? Diretor ameshakufa, sina wa kumuuliza. Na mtu anayemtafutia mwanawe mke atakosaje maneno matamu?

Binti yangu ananiambia, "Mama, mimi naolewa na mwanawe, siolewi na baba." Anampenda, namwona. Mimi silali vizuri. Labda nimemchukia bure mtu aliyeniokoa na kambi ambako wenzetu wengine hawakurudi. Labda namkabidhi mwanangu kwa mtu aliyeniuza apate kazi yangu.

Ijumaa wanakuja kuchukua jibu, na Amade ndiye atakayekaa mbele. Wenzangu mnaosoma hapa, nisaidieni: nimtazame kwa jicho gani?