Ada Aliyoitaka Batuli Msibani

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Batuli alikula michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, akiwa amesimama mlangoni, karanga mkononi, kanga tayari kichwani.

"Kaa chini, utapaliwa," alisema Mzee Omari. Alikuwa akipiga randa ubao wa mninga, ubavu wa kitanda cha mtu.

"Nikikaa, mama yake Samweli atazikwa bila mimi. Nina kazi pale."

"Kazi gani msibani?"

"Ya utani, Baba Asmahani. Wewe chonga kitanda chako."

Akaenda. Omari akaendelea na randa. Hakumtazama hata akipinda kona ya Ng'ambo. Mtu hamsindikizi kwa macho mke anayerudi mchana.

Batuli alikuwa Mzaramo, ingawa Uzaramo hakuujua kwa macho. Baba yake alitoka Kisarawe akifuata kazi ya reli, na yeye akazaliwa kota za reli hapa hapa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mzaramo kwenye msiba wa Mnyamwezi huficha majembe, hulala kaburini, hukalia mlango jeneza lisitoke, mpaka apewe ada yake. Anayekasirika amejiaibisha mwenyewe.

Serikali iliposema binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani, Godbless, mtendaji wa mtaa, alipita nyumba hadi nyumba kuwatafuta walioacha shule. Kijana mwema, lakini kila alipofika aliambiwa mtoto kaenda Nzega kwa shangazi. Akaunda kamati, akamwomba Batuli aingie. Batuli akamwambia, "Wewe mwanangu unabisha hodi. Mimi mtani, naingia mpaka jikoni." Na kweli aliingia. Wapo wasichana waliotolewa kwenye masufuria ya mama lishe wakarudi shule kwa sababu Batuli alikaa chini akagoma kuondoka mpaka baba mtu acheke. Akicheka, kwisha.

Samweli ndiye hakucheka. Alikuwa fundi mwashi wa Mtendeni, mtu wa kanisa, mkali kwa nafsi yake kwanza. Mkewe alikwisha fariki. Binti yake Levina aliacha shule kidato cha pili, akajifungua. Mtoto sasa anatambaa, na mama yake Samweli ndiye aliyekuwa akimshika. Sasa huyo naye kafa, na Samweli alikwisha sema kwamba matanga yakiisha Levina anakwenda Igunga, akae na ndugu, auze dukani. Hiyo ndiyo kazi iliyompeleka Batuli.

Habari za msibani Omari alizipata kwa wengi, maana mji mzima ulizisema. Jeneza lilipoinuliwa, Batuli alijilaza kizingitini.

"Mtani, pisha, jua kali," akasema Samweli. Akatoa noti.

"Weka hela yako, Mnyamwezi. Ada yangu ni Levina arudi shule."

Watu wakaguna. Samweli akasema, "Na mtoto ashikwe na nani? Mama yangu ndiye huyo kwenye sanduku."

"Nitamshika mimi. Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani mpaka pwani, babu zangu wakawapokea wakiwa wamechoka. Wewe mzigo wa binti mmoja umekushinda? Lete nami niubebe!"

Waombolezaji wakacheka mpaka mchungaji akaficha uso kwa Biblia. Samweli akasema, "Haya, ataenda. Inuka."

Batuli akainuka, akajipangusa vumbi, akalia kilio cha kweli kaburini.

Jioni alimwambia mumewe kichwa kinamgonga. Wakamkimbiza hospitali ya Kitete. Presha. Hakurudi.

Siku ya mazishi wanaume walimbeba, na Omari alitembea nyuma ya jeneza akiwa hasikii dua. Walipofika makaburini, mtu alikuwa amekaa ndani ya kaburi, miguu ameinyoosha.

Samweli.

"Leo zamu yangu," alisema kutoka chini. "Simpishi Mzaramo mpaka nipewe ada."

Vijana wakacheka, mkwe wa Omari akaingiza mkono mfukoni. Shehe akakohoa.

"Sitaki hela. Marehemu mwenyewe hakutaka. Aliahidi kumshika mjukuu wangu, na sasa mnamleta hapa. Nifutieni ahadi ile ya shule. Hiyo ndiyo ada yangu."

Kicheko kikakatika. Samweli hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa mtu aliyechoka, amepata mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ni halali.

Watu wakamtazama Omari. Omari hakuwa mtu wa maneno, maneno ya nyumba ile yalikuwa ya Batuli. Akakaa juu ya rundo la udongo.

"Kaa humo, Samweli. Na mimi nimekaa hapa."

"Mzee, maiti haicheleweshwi," mtu akanong'ona.

"Alikuwa na haraka siku zote," Omari akasema. "Leo hana."

Wakakaa. Udongo ukaporomoka kidogo, ukamwingia Samweli kwenye viatu.

"Mzee wangu, utani tu huu."

"Na wake ulikuwa utani. Ukajibu ndiyo."

"Nilijibu kwa sababu alikuwepo wa kumshika mtoto!"

"Yupo. Mlete kwangu."

"Kwako? Utambeba na randa?"

"Mikono ninayo. Mwanangu Asmahani atakuja mchana kumpikia uji. Hiyo ndiyo ada yako. Chukua utoke."

Samweli akakung'uta udongo viatuni. Kisha akanyoosha mkono juu, na Omari akaushika, akamvuta. Samweli hakurudi nyuma, alibaki ukingoni kumteremsha Batuli pamoja na wengine.

Shule zilipofunguliwa, Levina alifika karakanani na sare, mtoto mgongoni. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Mshushe hapo." Kiwanja alikwisha fagia, misumari yote imepanda juu ya kabati.

Mtoto akashika maranda, akayatia mdomoni. Omari akayatoa. Mtoto akayatia tena. Levina alisimama, haendi.

"Naogopa, babu. Watanicheka. Wenzangu wote wameshapita."

Omari akayatoa tena maranda mdomoni mwa mtoto.

"Mama Asmahani hakukuambia kitu, siku ile ya msiba?"

"Aliniambia, babu."

"Alisemaje?"

Levina akavuta pumzi, akayasema kama yalivyotoka kinywani mwa Batuli:

"'Ukifika darasani kaa mbele kabisa, mwanangu. Anayetaka kukucheka akicheke kisogo chako.'"