Viatu vya Risasi za Oleta

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku tatu msimu wa kuwinda ufungwe, Oleta Strand alitandaza magazeti kwenye meza ya jikoni akaanza kukata makopo ya bia kwa mkasi. Risasi alikuwa nazo. Alizisubu mwenyewe, kama marehemu mumewe alivyomfundisha. Kilichokosekana ni viatu, vile vikombe vya bati vidogo kama punje ya hindi, vinavyovishwa kitakoni mwa risasi ili moto wa baruti usiilambe. Dukani viliisha tangu Septemba. Jokofu lake lilikuwa na mifuko miwili ya njegere, basi.

"Unawinda kulungu au unamlewesha?" aliuliza shemeji yake, Verlin, akiegemea mlango. "Njoo uchukue paja la kulungu kwangu. Mwaka huu mmoja tu."

"Nyama yako ule wewe, shemeji."

Kwa akina Strand, hakuna risasi inayomwendea mnyama mpaka matundu ya risasi tano za aina hiyo, zilizopigwa kwa hatua mia, yafunikwe na mfuniko mmoja wa kopo la kahawa. Mnyama aliyejeruhiwa ovyo hufia porini, polepole.

Ijumaa alipiga tano kwenye karatasi ya shabaha nyuma ya ghala. Tatu zilikaa pamoja. Mbili zilikwenda zao. Akarudia. Vilevile.

"Ni macho hayo," Verlin alisema. "Uzee hauna miwani."

Oleta aliweka bunduki chini. Alitembea kwenye theluji akiinamisha kichwa, na hatua kumi mbele ya pale alipolala kupiga akaokota kiatu kimoja, kisha kingine. Vilikuwa vimechomoka kwenye risasi njiani. Alivishika kiganjani muda mrefu. Miaka kumi na tisa alimwona mumewe akikata visahani vya bati viwiliviwili, akadhani anaharakisha kazi. Kumbe alivibandika viwili kuwa kiatu kimoja, maana bati la bia ni jembamba. Hakuwahi kumuuliza. Kuna mambo mengi hakuwahi kumuuliza.

Usiku huo hakupika. Alikata, akapachika viwiliviwili, akakandamiza kwa mashine ya mkono hata ncha za vidole zikachanika.

Jumamosi alipiga tano, akaweka mfuniko juu ya matundu. La tano lilichungulia ukingoni.

"Imeingia hiyo!" Verlin alisema.

"Imegusa."

"Kugusa ni kuingia, mama wee!"

"Ungemwambia kaka yako hivyo?"

Verlin alirudi nyuma kumpisha. Oleta akabandika karatasi mpya, akalala tena nyuma ya bunduki, akapiga tano nyingine bila haraka. Safari hii mfuniko ulimeza zote, ukabakiza nafasi.

Jumapili, mchana ukielekea kuisha, Oleta akivizia ukingoni mwa msitu, kulungu dume alitoka kwenye misonobari akasimama akimtazama uso kwa uso. Oleta hakupiga. Vidole viliganda kwa baridi, lakini alisubiri. Mnyama alipogeuka na kumpa ubavu, alipiga mara moja.

Alipofika, kulungu alikuwa amekwisha kufa. Oleta alimwekea kiganja shingoni, penye joto, akakaa kidogo. Kisha akakunja mikono ya koti, akachomoa kisu.