Msimu wa Kwanza wa Kocha Ezekieli, na Mistari Niliyoipiga Mimi

Siku yangu ya kwanza ya kazi Stockholm nilipewa mopu na ndoo katika shule moja huko Hagsätra, na kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza sakafu ambayo wenzangu waliimaliza saa sita. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa wasafishaji, mama mmoja wa Kifini asiyecheka, akaja, akainama kwenye kona, akapitisha kidole. "Katikati kila mtu anaweza," akaniambia. "Kona ndiyo inaonyesha mtu." Nikarudia kona zote. Shule niliiacha darasa la nne kule Uvira, lakini neno la kazi likiniingia halitoki.

Baadaye nikahamishiwa viwanja vya Hässelby, chini ya fundi mkuu wa nyasi. Huyo alinifundisha kwamba jani la nyasi halikatwi zaidi ya theluthi kwa mara moja, maana ukilinyoa sana linaungua. Kwamba uwanja wenye barafu ya asubuhi haukanyagwi, kwa sababu nyayo zako zitabaki zimeandikwa hapo. Na kwamba mashine ya kupiga mistari husukumwa kwa mwendo mmoja, bila kusimama kusalimia watu. Baada ya miaka minne nilimshinda kwa mistari. Alikiri mwenyewe.

Ndipo nikachukuliwa na chuo kimoja karibu na Akalla kuwa vaktmästare, yaani mtunza majengo na uwanja. Bosi wangu alikuwa rektor, mkuu wa chuo, mama wa Kiswidi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Chuo kilikuwa na timu ya mpira katika ligi ya vyuo vinane, na kila mwaka tulikuwa wa nane. Mpaka alipokuja Ezekieli.

Huyu alizaliwa Bujumbura akakulia hapa hapa, umri wake thelathini na kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa na Kiswidi katikati kama miiba ndani ya samaki. Rektor alimpa mkataba wa mwaka mmoja tu, ukiisha wataangalia. Siku ya kwanza alikuja kwangu kabla hajawaona wachezaji.

"Shikamoo, Papa Safari. Wameniambia uwanja ni wako."

"Marahaba. Ni wangu. Wewe umeazimwa."

"Basi naomba ruhusa nipite juu ya nyasi zako."

"Pita tu. Ninyi wa Bujumbura tumewazoea. Hata jua lenu linavuka ziwa kuja kulala kwetu Uvira."

Alicheka mpaka akashika magoti. Tangu hapo nikawa shabiki wake, na shabiki wa kweli ana haki ya kumpima kocha. Kwa hiyo nampima.

Mechi tatu za kwanza tulipigwa, moja kwa mabao sita. Makosa yake nayajua. Alichelewa kubadilisha wachezaji. Mtu anachechemea uwanjani na yeye bado anaona aibu kumtoa. Wakati wa mapumziko aliongea mno, kahawa ikapoa. Lakini tulikuwa na kipa mrefu aliyeogopa mipira ya juu kama nyuki. Kocha mwingine angemfukuza. Ezekieli alimtoa golini akamfanya mshambuliaji, akamwambia, "Wewe unajua kipa anaogopa nini. Nenda ukawaogopeshe makipa wenzako." Akafunga mabao mpaka mama yake akaanza kuja kutazama. Tena Ezekieli hakumgombeza mchezaji mbele ya wenzake hata siku moja. Alimwita pembeni, nyuma ya banda langu la mashine, akidhani hakuna anayesikia. Mimi nilisikia yote, na naweza kusema alijua kumrudi mtu bila kumvunja. Theluji ilipoanguka wakafanya mazoezi ndani ya ukumbi. Ilipoyeyuka, tulikuwa timu. Mwezi wa tano tulikuwa wa nne.

Wakati huo tukawa tunawasubiri vinara wa ligi. Ezekieli akanifuata bandani.

"Papa, mawinga wao wanakimbia kama sungura. Sheria inaturuhusu kupunguza upana wa uwanja, mradi pande zote zilingane. Utaweza?"

"Unaniuliza mimi?"

"Utapima kwa utepe, si ndiyo?"

"Utepe ni wa watu wasioamini mikono yao."

Nilikuwa na kamba yangu ya katani yenye mafundo, kila fundo na kipimo chake, na kwa kamba hiyo nilikuwa nimepiga viwanja visivyo na idadi. Nikafunga fundo jipya la upana mpya. Asubuhi nikapima upana wa uwanja upande wa chuo, jua likiwaka. Nikaiacha kamba kwenye nyasi nikaenda fika, ile kahawa ya mapumziko ambayo Mswidi haikosi hata nyumba ikiungua. Mvua ikanyesha. Nikarudi, nikapima upande wa msitu kwa kamba ile ile, nikapiga mistari. Ilinyooka kama uzi. Nikasimama nikaitazama kwa furaha.

Siku ya mechi mwamuzi alitembea kutoka kibendera hadi kibendera akihesabu hatua. Akarudi upande wa pili, akahesabu tena. Akaomba utepe. Upande wa msitu ulikuwa umepungua hatua mbili na nusu.

"Mmetuchorea jeneza!" kocha wa wageni akapiga kelele. "Mnataka kutuzika humu?"

Ezekieli akamwendea mwamuzi. "Mimi ndiye niliyeomba uwanja upunguzwe. Lawama ni yangu."

Nami nilisimama hapo, mashine ya rangi mkononi, nikanyamaza. Mdomo huu ambao Akalla nzima inaujua, siku hiyo ulifungwa. Wageni wakapewa pointi bila mpira kuguswa. Chuo chao kikaandika barua: kocha wenu ni mdanganyifu. Rektor akasema atatoa uamuzi juu ya mkataba siku ya Ijumaa.

Nyumbani, mke wangu Mama Neema alinitazama nikila bila kusimulia kitu.

"Unaumwa?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimeshaelewa: katani ikilowa hujivuta, ikawa fupi. Mtoto wa darasa la kwanza aliyewahi kuanika kamba anajua hilo.

"Kwa hiyo mtoto wa watu atafukuzwa kazi," akasema, "kusudi Papa Safari asionekane hajui kupima?"

Sikumaliza chakula.

Alhamisi nikaingia kwa rektor na kamba kavu begani na ndoo ya maji. Kiswidi changu ni cha kazi, si cha ofisi, kwa hiyo sikupoteza maneno. "Shika hapa," nikamwambia. Akashika. Nikaivuta kamba kwenye korido kutoka mlango wake. Fundo likagusa mashine ya kutolea kopi. Nikaitumbukiza kamba kwenye ndoo, tukanywa kahawa yake, nikaitoa ikichuruzika kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Tukaivuta tena. Fundo halikuifikia mashine. Rektor akapiga magoti kuangalia, akabadilisha miwani, akaangalia tena.

"Ezekieli aliniambia nitumie utepe," nikasema. "Nilikataa. Mimi ndiye fundi, na mimi ndiye niliyekosea."

Kusema maneno hayo kulinichosha kuliko kuondoa theluji ya mwezi wa pili.

Rektor akaliminya fundo, maji yakachuruzika. "Kumbe hakuna aliyedanganya," akasema. "Kuna mzee mkaidi tu." Akanyanyuka, akaniagiza nipige deki.

Pointi hazikurudi. Tulimaliza wa sita kati ya nane. Lakini Ijumaa Ezekieli alitoka ofisini na mkataba wa miaka mitatu, akaja bandani amekasirika kweli.

"Papa, kwa nini ulienda? Nilikuwa nimeshaibeba lawama."

"Nani alikutuma uibebe? Sifa zangu nazitangaza mwenyewe, na kosa langu ni langu vile vile. Usiniibie."

Akanikumbatia na rangi yangu yote nguoni.

Sasa mgongo umenistaafisha kabla ya umri wangu. Ezekieli bado anafundisha, na vikombe vimekuja, viwili; nimevishika vyote, nikapigwa picha navyo. Hata hivyo, nikikutana na vijana wanaoanza kazi za mikono, wakaniuliza mwaka gani nilijivunia kuliko yote, nawatajia ule tuliomaliza wa sita. Wanadhani natania. Nawaacha wadhani hivyo, kisha nawasimulia kuhusu kocha aliyekuwa tayari kuondoka akiitwa mdanganyifu ili mimi nibaki naitwa fundi.