Mimi wa Kwenye Shairi

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba mshairi si lazima awe yule anayesema ndani ya shairi. Nimelisema hilo darasani mpaka koo likakauka, nimeliandika kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa madaftari, na bado kila mwaka hatakosekana mwanafunzi wa kusimama na kuuliza, "Mwalimu, kwa hiyo wewe ndivyo ulivyo?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka, maana kosa hilohilo nusura linikoseshe mke.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari Geita. Mashairi niliyopenda kuyafundisha kuliko yote ni yale ambayo mtu mmoja anasema peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, akizungumza na mtu tusiyemsikia akijibu. Anajisifu, anajitetea, anaeleza alivyo mwema. Kadiri anavyojipamba ndivyo tunavyomjua kwa namna asiyotaka. Wahenga walishamaliza kazi: nyani haoni kundule. Shairi la aina hii ni nyani aliyepewa nafasi ya kuhutubia.

Nilidhani somo hilo litawapa taabu. Kumbe watoto wa Geita walilielewa haraka kuliko nilivyolielewa mimi chuoni, kwa sababu wamekulia kati ya wachimbaji na madalali wa dhahabu. Msichana mmoja wa kidato cha tano, ambaye mama yake alikuwa na mgahawa karibu na machimbo, alitueleza hivi: "Mwalimu, dalali akikwambia mara ya kwanza kwamba hana haraka ya kuuza, hiyo ni salamu tu. Akirudia mara tatu, ujue hali imembana." Darasa likaangua kicheko. Niliweka chaki chini nikawaambia waandike hayohayo, kwani sikuwa na la kuongeza.

Kwa kuwa vitabu havikutosha, niliwatungia shairi langu mwenyewe. Msemaji ni mume anayemweleza mgeni jinsi anavyomtunza mkewe. Mke yupo hapohapo, ila hatamki neno. Ubeti wa pili ulikuwa huu:

Mke wangu nampenda, muulizeni aseme,
Popote anapokwenda, nami nyuma nisimame,
Kazi zote akitenda, namwambia asikome,
Kinywa chake nakilinda, maneno yasimchome.

Wanafunzi walipofika mstari wa mwisho walipiga madawati. Mume yule anaamini ametoa sifa zake, kumbe amejianika juani mbele ya watu. Kelele zile zilivuka ukuta mpaka darasa la jirani, alikokuwa mwalimu wa hesabu, dada mmoja mpole mwenye maneno machache na makali. Wakati wa mapumziko alinifuata. "Huyo mume ni nani?" akaniuliza. "Nataka nimjue ili nimkwepe." Ndivyo tulivyoanza kuzungumza, na hatukuacha.

Mwaka ulipopita na zaidi, tukakubaliana kuoana. Kwao ni Samuye, vijijini Shinyanga, kwa wakulima na wafugaji. Kabla sijapeleka watu, aliniambia jambo moja bila kupepesa macho. "Nakupenda, lakini baba akikataa, sitamvunjia heshima. Litaishia hapo." Akaendelea kusahihisha madaftari yake. Nilitamani alie kidogo.

Mshenga wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, fundi cherehani wa pale Kambarage, Shinyanga mjini, nilikozaliwa. Alinipa masharti kabla hatujaondoka. "Kazi yako ni kutoa shikamoo na kunyamaza. Leo mimi ndiye mdomo wako."

Tulifika asubuhi. Mjomba akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukakaribishwa viti vya plastiki uani. Baba wa binti alikuwa mzee mrefu aliyenyooka, na sauti yake ilijaa ua mzima bila yeye kuinyanyua. Ujanani alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo katika mashindano ya ngoma, ambako makundi mawili hupambana kutwa nzima na kila manju hujisifu na kumkejeli mwenzake. Mama mzazi wa mzee huyo, bibi kizee mwenye macho ya ucheshi, alikaa kwenye kigoda karibu yetu. Mama wa binti alikuwa kwenye mkeka mlangoni pa jiko, akibangua karanga. Binti mwenyewe alikuwa ndani, kama desturi inavyotaka, na dirisha lilikuwa wazi, kama wasichana wanavyotaka.

Mjomba alisema, akasema vizuri. Kwamba mimi nina kazi, nina adabu, nimetoka kwenye nyumba ya amani ambayo jirani hajawahi kusikia kelele. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mshenga tumemsikia. Huyu kijana naye ana mdomo? Naambiwa anatunga. Mimi nilikuwa manju. Mtunzi akifika kwa mtunzi hutoa kitu."

Mjomba alinikata jicho. Nami nakiri kichwa kilivimba. Nilikuwa na shairi la mvua. Nilikuwa na shairi zuri tu la kumsifu mama, ambalo lingemtoa machozi hata karani wa mahakama. Lakini mimi nilitaka shangwe za kule darasani, nikachagua lile la kupigiwa madawati. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikalighani lote kwa sauti ya yule mume, kifua mbele, kidole juu.

Hakuna aliyepiga kitu chochote.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nimemaliza, baba."

"Nakushukuru kwa kusema ukweli mapema." Akamgeukia mjomba. "Mshenga, umejitahidi, lakini mwenyewe ametueleza. Atamfuata mwanangu nyuma mpaka sokoni. Atamfanyisha kazi bila kupumzika. Atamfunga mdomo. Mwanangu haendi kwa mtu huyo."

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kilikuwa changu. "Baba, yule si mimi," nikasema. "Yule ni msemaji wa shairi tu. Nimemtunga."

"Umesema 'mke wangu' au umesema 'mke wa fulani'?"

"Nimesema 'mke wangu', lakini…"

"Mimi nimeimba tangu kijana mpaka sauti ikachoka. Nilipoimba kwamba nitamshinda mtu, ni mimi niliyetakiwa kumshinda. Niliposhindwa, ni mimi niliyezomewa. Sikuwahi kumwazima mtu mwingine mdomo wangu."

Pale nilikuwa na shahada yangu, mbele ya swali lilelile la wanafunzi wangu, na kalamu nyekundu isingenisaidia. Zaidi ya hapo, mzee hakuwa mjinga. Katika ngoma zao ndivyo ilivyo, anayesema "mimi" analipa yeye. Kule ndani nikasikia kiti kikisogezwa, nikajua binti ameinuka. Nilihisi machozi yananikaribia, mtu mzima mimi, na koti nimelifunga.

Aliyeniokoa ni bibi. Alianza kucheka polepole, mabega yakitikisika, mpaka mwanawe akamgeukia.

"Mwanangu, umezeeka kabla yangu," bibi akasema. "Mtu wa namna ile hayasikii maneno yake mwenyewe. Angekuwa ndiye, angesema yote yale na asingejua yanachekesha wapi. Huyu mchumba wangu anajua. Nilikuwa namtazama. Alipofika pale pa kulinda kinywa, alibana midomo asicheke. Mwenye tabia hiyo hacheki pale."

Nimesoma vitabu vinene kuhusu ushairi, na sijakutana na aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi ya bibi yule. Nilitaka nimpigie magoti.

Lakini mzee alikuwa amezoea mashindano, hakuachia kirahisi. "Haya, si yeye. Basi kamsikia wapi? Maneno yale hayaokotwi njiani. Kuna mtu kayasema."

Ningeweza kusema nimebuni. Lingekwisha, tungekula, tungeondoka na jibu zuri. Nikamtazama mjomba, naye alikuwa akitazama viatu vyake. Dada yake, yaani mama yangu, ameishi katika nyumba ile ya amani tangu kabla sijazaliwa. Na kumsema baba yako vibaya katika ua wa wakwe ni aibu ambayo hata sikuwa na jina lake. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na mdomo wa kuazima, wa mjomba na wa yule mume wa kwenye shairi.

"Nimemsikia kwa baba yangu," nikasema. "Si mtu mbaya. Hajawahi kumpiga mama, hajawahi kutunyima chakula. Ila mgeni akija humwambia, 'Muulize mke wangu mwenyewe,' kisha hujibu yeye. Mpaka leo sijui mama yangu anapenda nini. Nililiandika shairi lile kwa sababu ninaogopa. Siku nyingine nikiwa darasani naisikia sauti yake inatoka kinywani mwangu."

Mjomba angeweza kunikana. Badala yake alivuta pumzi, akasema taratibu, "Ni kweli, mzee. Ni dada yangu huyo."

Mzee aliisugua fimbo yake kwa kidole gumba. Tangu tulipofika, yeye ndiye aliyesema tukae wapi, maji yaletwe lini, nani aongee na nani anyamaze. Hatukuona ubaya, ni kwake. Lakini katika muda wote ule hakuwa ameutazama mlango wa jiko hata mara moja.

Sasa alikigeuza kiti chake, na miguu ya plastiki ikakwaruza ardhi.

"Mama watoto," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikujaa ua. "Wewe unasemaje?"

Mikono ya mama ilisimama juu ya karanga. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akihakikisha hakuna mwingine anayeulizwa.

"Mimi nilishakubali tangu mwaka jana, binti aliponieleza," akasema. "Nilikuwa nasubiri kuulizwa."